Vizuizi vya Korona na Afya ya Akili ya Watu Wazima Nchini Kenya: Maswali Yanayoulizwa Mara kwa Mara

Ukurasa huu umeandikwa kwa ajili ya watu wazima waliopitia kafyu, karantini na kufungwa kwa miji nchini Kenya kati ya Machi 2020 na Oktoba 2021, na kwa ajili ya jamaa zao wanaoona kwamba mtu wao hajarudi kuwa vile alivyokuwa. Maswali yaliyomo ni yale yanayoletwa tena na tena na wanaotafuta ushauri, wengi wao wakianza kwa kusema kwamba hawaumwi na lolote, ila usingizi tu ndio uliowahama. Majibu haya hayachukui nafasi ya daktari.

Vizuizi vinavyozungumziwa hapa ni vipi hasa?

Mgonjwa wa kwanza wa korona nchini Kenya alitangazwa tarehe 13 Machi 2020. Siku chache baadaye shule zilifungwa, safari za ndege za kimataifa zikasimamishwa tarehe 25, na tarehe 27 kafyu ya nchi nzima ikaanza, kuanzia saa moja jioni hadi saa kumi na moja alfajiri. Mwezi Aprili watu walikatazwa kuingia wala kutoka jiji la Nairobi na viunga vyake, pamoja na kaunti za Mombasa, Kilifi na Kwale. Kilifi na Kwale zilifunguliwa mwezi Juni, Nairobi na Mombasa zikangoja hadi tarehe 7 Julai. Katikati ya kipindi hicho, mwezi Mei, mtaa wa Eastleigh jijini Nairobi na Mji wa Kale wa Mombasa ilifungwa peke yake, wakazi wake wakitenganishwa hata na mitaa jirani. Machi 2021 Nairobi, Kiambu, Machakos, Kajiado na Nakuru zilifungwa tena kwa muda wa wiki tano hivi. Kafyu yenyewe, baada ya saa zake kubadilishwa mara kadhaa, iliondolewa tarehe 20 Oktoba 2021.

Kwa hiyo kufungiwa kwa Wakenya hakukufanana na kule kwa Wuhan au Italia, ambako mtu alihesabiwa hata safari za dukani. Mchana watu walitoka. Kilichofungwa ni usiku, barabara za kutoka mjini, nyumba za ibada, shule, baa, hoteli na matanga, na ndiyo maana madhara yake kwa akili za watu wazima yana sura yake, ambayo haionekani vizuri mtu akisoma tafiti za Ulaya pekee.

Je, kuna ushahidi kwamba watu waliathirika, au ni malalamiko tu?

Ushahidi upo, na ni mwingi, ingawa hauna uzito sawa kila mahali. Uchambuzi mkubwa uliochapishwa katika jarida la Lancet mwezi Oktoba 2021 ulikadiria kwamba mwaka 2020 janga la korona liliongeza duniani watu milioni 53.2 wenye sonona, yaani huzuni nzito inayodumu na kumwondolea mtu hamu ya mambo, na watu milioni 76.2 wenye wasiwasi uliopita kiasi. Hiyo ni nyongeza ya asilimia 27.6 na 25.6 juu ya idadi ambayo ingetarajiwa kama janga lisingetokea. Mambo mawili yaliyoendana na ongezeko hilo ni wingi wa maambukizi na kupungua kwa mizunguko ya watu, na walioelemewa zaidi ni wanawake na vijana.

Hesabu hizo zisomwe kwa uangalifu. Sehemu kubwa ya data ilitoka katika nchi tajiri, kwa hiyo makadirio ya Afrika yamejengwa zaidi kwa mahesabu kuliko kwa watu walioulizwa wenyewe. Tena, si kila aliyeumia alibaki ameumia. Watafiti wa University College London waliwafuatilia watu wazima zaidi ya 36,000 nchini Uingereza na kukuta kwamba wasiwasi na huzuni vilikuwa juu kabisa katika wiki za mwanzo za kufungiwa, kisha vikashuka hata kabla milango haijafunguliwa. Wengi walizoea. Ukurasa huu unawahusu hasa wale ambao hawakuzoea.

Kwa nini mtu mzima mwenye akili timamu aathirike kwa kukaa nyumbani kwake mwenyewe?

Kwa sababu utulivu wa akili hushikiliwa na mambo madogo ambayo mtu hayatambui mpaka yatoweke: saa maalumu ya kuamka, mwanga wa jua la asubuhi, watu wa kusalimiana nao, kazi inayoonekana imekwisha jioni inapofika. Mambo hayo yakikatika kwa pamoja, usingizi huvurugika kwanza. Mtu akikosa usingizi huchoka mchana, akichoka hufanya machache, akifanya machache hukosa yale yanayompa furaha, na akikosa furaha hupungukiwa na nguvu ya kufanya hata yale machache. Mzunguko huo ukishaanza hauhitaji tena kafyu ili uendelee, na hapo ndipo watu wengi hushangaa kuona kwamba milango imefunguliwa lakini wao bado wamejifungia.

Mfikirie mzee wa Mji wa Kale ambaye kila siku baada ya sala ya Magharibi huketi barazani na wenzake, kikombe cha kahawa chungu mkononi na kipande cha kashata kando. Mombasa, mwezi Aprili, jua hutua karibu na saa kumi na mbili na nusu. Kafyu ilianza saa moja. Msikiti ulikuwa umefungwa, baraza tupu, na Ramadhani iliyoanza mwishoni mwa mwezi huo ikapita bila tarawehe za jamaa wala kualikana futari. Kwa mtu wa nje huo ni muda mfupi tu wa mazungumzo uliopotea. Kwa mzee huyo ndiyo saa pekee ya siku ambayo aliulizwa hali yake na watu wa rika lake, na ambayo mtu angegundua kwamba leo hakuja.

Jambo la pili ni kutojua mwisho. Kabla vizuizi havijaenea, watafiti wa King's College London walipitia tafiti 24 za karantini za miaka ya nyuma, zikiwemo za ugonjwa wa SARS na Ebola. Walikuta kwamba kinachoumiza zaidi ni muda mrefu, hofu ya kuambukizwa, kukosa mahitaji, habari zisizoeleweka, hasara ya kipato na kunyooshewa vidole baadaye. Wakashauri muda uliotangazwa usiongezwe isipokuwa kwa sababu nzito sana. Wakenya walitangaziwa nyongeza baada ya nyongeza, na kila hotuba ilimkuta mtu ameshajiandaa kwa tarehe ambayo haikufika.

Wengine husema huku kwetu tatizo lilikuwa njaa, na hayo ya akili ni mambo ya matajiri. Je, ni kweli?

Ni kweli kwamba tatizo lilikuwa njaa, na kwa sababu hiyohiyo lilikuwa pia la akili. Takwimu za Shirika la Taifa la Takwimu, KNBS, zilionyesha kwamba watu wapatao milioni 1.7 walipoteza kazi katika miezi mitatu iliyoishia Juni 2020. Nyuma ya idadi hiyo kuna watu ambao hawakuwahi kuandikwa kazi popote.

Chukua mama anayeuza mahamri. Biashara yake huanza usiku: unga hukandwa mapema ili uumuke, jiko huwashwa kabla ya alfajiri, na wateja wake ni makuli, madereva wa matatu na walinzi wanaotoka zamu, ambao humaliza kununua jua likichomoza. Kafyu ya hadi saa kumi na moja ilimwondolea sehemu kubwa ya saa zake za kuuza, na kufungwa kwa kazi za mjini kukamwondolea wateja. Hakufukuzwa kazi, hakupata barua, hakuna ofisi aliyoweza kuidai. Alibaki na deni la unga na mafuta, kodi ya chumba, na watoto waliokuwa wakila mlo mmoja shuleni ambao sasa walihitaji kula milo yote nyumbani. Mama wa namna hii akifika kwa daktari husema moyo unamwenda mbio, kifua kinambana na kichwa hakimwachi. Hupimwa presha na malaria, akapewa dawa ya maumivu na kurudishwa nyumbani. Hakuna aliyemuuliza anadaiwa kiasi gani wala analala saa ngapi.

Umaskini wa ghafla ni miongoni mwa njia za uhakika zaidi za kuingia katika sonona. Anayesema kwamba mwenye njaa hana nafasi ya kuugua akili hajakaa na wenye njaa.

Ni nani waliumia zaidi?

Wanawake waliokuwa ndani ya nyumba zenye ugomvi ndio wa kutajwa kwanza, kwa sababu waliamriwa kukaa mahali palepale walipokuwa wakipigwa. Malalamiko ya ukatili wa kijinsia yaliongezeka kiasi kwamba tarehe 6 Julai 2020 Rais Uhuru Kenyatta aliagiza Kituo cha Taifa cha Utafiti wa Uhalifu kuchunguza ongezeko hilo ndani ya siku 30. Kafyu iliwanyima pia njia ya zamani ya kujiokoa, ile ya kukimbilia kwa jirani au kwa wazazi usiku.

Wanaume walioumia mara nyingi hawakutambuliwa, na wengi hawajatambuliwa hadi leo. Hoteli za ufukweni kuanzia Diani hadi Watamu zilipofungwa, wapishi, wahudumu na madereva wa watalii walirudishwa makwao bila mshahara, wengine wakirejea vijijini ambako kila jamaa aliwajua kama watu wa kutuma pesa. Mwanamume aliyelelewa kuamini kwamba heshima yake ni mkono wake wa kutoa, asipokuwa na cha kutoa, halii. Hukasirika, hunyamaza, hunywa, hukataa kula pamoja na wengine. Watu wa nyumbani huona ukali tu, wala hawafikirii kwamba huenda ni ugonjwa.

Kuna pia wale waliokuwa wagonjwa kabla ya korona. Uchunguzi wa Shirika la Afya Duniani uliotolewa Oktoba 2020 ulionyesha kwamba huduma muhimu za afya ya akili zilivurugika au kusimama katika asilimia 93 ya nchi 130 zilizohojiwa. Mgonjwa aliyezoea kusafiri hadi kaunti nyingine kuchukua dawa alihitaji kibali ili avuke kizuizi, na nauli ilikuwa imepanda. Wengi wakaacha dawa, na ugonjwa ukarudi.

Kafyu na vipigo vya polisi vinahusiana vipi na afya ya akili?

Vinahusiana moja kwa moja. Tarehe 27 Machi 2020, siku ya kwanza ya kafyu, abiria waliokuwa wakisubiri feri ya Likoni ili wafike nyumbani kabla ya saa moja walipigwa virungu na kurushiwa mabomu ya machozi. Siku chache baadaye mtoto wa miaka 13 aliuawa kwa risasi ya polisi akiwa kwenye baraza ya ghorofa ya nyumba yao mtaani Kiamaiko, Nairobi. Mwanzoni mwa Juni, mamlaka huru ya kusimamia utendaji wa polisi, IPOA, ilisema kwamba vifo 15 vilihusishwa na polisi katika kutekeleza kafyu.

Mtu aliyepigwa, au aliyeshuhudia mwingine akipigwa, anaweza kubaki na kiwewe: ndoto zinazomrudisha palepale, kushtuka mlango ukigongwa, kukwepa njia fulani, moyo kwenda kasi jua likizama. Dalili hizo zikizidi mwezi mmoja na kumzuia mtu kuishi maisha yake, zinahitaji tiba. Mshauri asiyeuliza kuhusu polisi atamtibu mgonjwa wa namna hii kwa jambo jingine kabisa.

Je, ina maana vizuizi vilikuwa makosa?

Mwezi Machi 2020 hapakuwa na chanjo popote. Shehena ya kwanza ya chanjo iliingia Kenya tarehe 3 Machi 2021. Hospitali nyingi hazikuwa na vitanda vya wagonjwa mahututi wala oksijeni ya kutosha. Kupunguza mikusanyiko katika hali hiyo kulikuwa na sababu ya haki, na anayesema kwamba watu wangeachwa tu waendelee kama kawaida anasahau jinsi wasiwasi na misiba vinavyoumiza akili vilevile.

Lakini ugonjwa haukulazimisha kila lililofanywa kwa jina lake. Haukulazimisha watu wapelekwe karantini kama adhabu ya kuvunja kafyu, wala wadaiwe gharama ya kukaa huko kabla ya kuruhusiwa kutoka, jambo lililoendelea hadi serikali ilipokubali mwezi Mei 2020 kubeba gharama hizo. Haukulazimisha virungu. Sehemu kubwa ya maumivu tunayokutana nayo leo yalitokana na namna vizuizi vilivyotekelezwa, na hilo lingeweza kuwa tofauti.

Tanzania haikufunga miji yake. Je, watu wake waliepuka madhara haya?

Waliepuka baadhi. Tanzania ilifunga shule kuanzia Machi 2020 na kuzifungua zote kufikia mwisho wa Juni, ikasimamisha mikusanyiko kadhaa, lakini masoko na nyumba za ibada viliendelea na hapakuwa na kafyu. Aliyekuwa akiishi kwa kibarua cha kutwa hakuzuiwa kwenda kukitafuta, na hilo si jambo dogo.

Hata hivyo watalii waliacha kwenda Zanzibar bila amri ya mtu yeyote, na takwimu za ugonjwa zilipoacha kutolewa mwishoni mwa Aprili 2020 watu walibaki na hofu isiyo na habari. Mpakani nako, madereva wa malori walikaa siku nyingi foleni wakisubiri kupimwa, huku wakitazamwa kama ndio wanaobeba ugonjwa. Kulala kwenye lori huku wenyeji wa mji wakikukwepa dukani ni aina ya upweke ambayo haijaandikwa vya kutosha.

Sikuruhusiwa kumzika mzazi wangu ipasavyo, na huzuni haijaisha. Je, huu ni ugonjwa?

Pole sana. Kwa miezi kadhaa mazishi nchini Kenya yaliwekewa kikomo cha watu 15. Maiti za waliokufa kwa korona zilizikwa harakaharaka, na watu waliovaa nguo za kujikinga, bila jamaa kuosha wala kuaga. Walioishi nje ya nchi walizika kwa simu. Matanga, kisomo, arubaini, misa za kumwombea marehemu, yote haya ni njia ambayo jamii humsaidia mtu kukubali kwamba mwenzake ameondoka kweli. Zikiondolewa, baadhi ya watu hubaki kama wanaosubiri.

Huzuni ya kufiwa yenyewe si ugonjwa, na haina muda uliopangwa. Wataalamu hufikiria huzuni iliyokwama pale ambapo baada ya miezi sita au zaidi mtu bado anamtamani marehemu kwa uchungu usiopungua kila siku, anajilaumu kupita kiasi, anashindwa kufanya kazi au kulea, au anahisi kwamba maisha yake hayana maana tena. Hali hiyo ina tiba ya mazungumzo inayosaidia.

Kuna jambo jingine ambalo familia nyingi zimelifanya na likawapa nafuu: kurudi na kuifanya shughuli iliyokosekana. Soma hitima leo, hata kama miaka imepita. Itisheni ibada ya ukumbusho, mkutane kaburini, mseme yale ambayo hamkuyasema. Mtu asione aibu kwamba amechelewa, kwa maana hakuchelewa kwa hiari yake.

Je, vizuizi viliongeza idadi ya watu waliojiua?

Jibu halifanani kila mahali. Utafiti uliochapishwa Aprili 2021 katika Lancet Psychiatry, uliokusanya data za nchi 21 zenye kipato cha juu na cha kati, haukukuta ongezeko la jumla katika miezi ya mwanzo ya janga. Japani, kwa upande wake, ilishuhudia ongezeko katika nusu ya pili ya mwaka 2020, hasa kwa wanawake. Inaelekea kwamba mwanzoni watu hushikamana, kisha misaada ikiisha na madeni yakibaki ndipo hatari hupanda. Kwa sababu hiyo ni kosa kufikiri kwamba hatari iliisha pamoja na kafyu.

Mbona miaka imepita na mimi bado?

Kwa sababu hasara nyingi hazikurudishwa. Kafyu iliondolewa kwa tangazo la siku moja, lakini aliyeuza shamba ili alishe watoto hakurudishiwa shamba, binti aliyeacha chuo hakurudi chuoni, na ndoa iliyovunjika ilibaki imevunjika. Akili hutulia maisha yanapotulia. Vilevile, sonona isiyotibiwa huweza kupungua na kurudi, na kila inaporudi huhitaji sababu ndogo zaidi ya kuiamsha.

Pombe nayo ilichangia. Baa zilipofungwa, unywaji ulihamia nyumbani, mchana, mbele ya watoto, na watu waliokuwa wakinywa wikendi wakazoea kunywa ili walale. Pombe humlaza mtu upesi, kisha humwamsha saa nane usiku akiwa na hofu kuliko alivyolala. Aliyekunywa sana kila siku kwa muda mrefu asiache ghafla peke yake, kwa sababu kuacha ghafla kunaweza kuleta degedege. Amwone daktari kwanza.

Nitajuaje kama ni msongo wa kawaida au ni ugonjwa?

Msongo wa kawaida hupanda na kushuka pamoja na jambo linalouleta. Ukilipa kodi ya nyumba, unapumua. Sonona haifuati habari njema. Ikiwa kwa wiki mbili au zaidi, karibu kila siku, una huzuni au umepoteza hamu ya mambo uliyoyapenda, na pamoja na hayo usingizi umeharibika, chakula hakikupiti au unakula kupita kiasi, umechoka bila kazi, huwezi kutuliza fikira, unajiona huna thamani au unawaza kifo, basi hiyo ni sababu tosha ya kumwona mhudumu wa afya. Vituo vingi hutumia hojaji fupi ya maswali tisa, PHQ-9, ambayo imeshajaribiwa kwa Kiswahili hapa Kenya. Huchukua dakika chache na haina maumivu.

Wengi wetu huanza kuugua mwilini. Mgongo, kichwa, tumbo kujaa gesi, mwili kuwaka moto. Ukipimwa mara mbili tatu na kuambiwa kwamba hakuna kitu, mwambie daktari wazi pia kuhusu usingizi na mawazo yako.

Tiba ni ipi, na inapatikana wapi?

Kwa sonona na wasiwasi usio mkali sana, tiba ya mazungumzo hutosha mara nyingi, na si lazima itolewe na daktari bingwa. Nchini Zimbabwe, wanawake wazee waliopewa mafunzo mafupi huwasikiliza wagonjwa kwenye benchi nje ya zahanati, na jaribio la kisayansi lililochapishwa mwaka 2016 lilionyesha kwamba waliosikilizwa walipata nafuu kuliko waliopata huduma ya kawaida. Jijini Nairobi, wahudumu wa afya wa jamii walifundishwa kutoa vikao vitano vya kutatua matatizo na kutuliza mwili kwa wanawake waliopitia dhiki, na matokeo yake yakawa mazuri pia. Kinachopungua ni uamuzi wa kaunti kuwalipa watu wa kufanya kazi hiyo.

Kwa hali nzito zaidi kuna dawa kama fluoksetini. Hazilevi na hazimfanyi mtu kuwa teja. Huchukua wiki kadhaa kuanza kusaidia, na mtu akishapata nafuu huendelea nazo, kwa kawaida miezi 9 hadi 12, kabla daktari hajazipunguza taratibu. Kosa la kawaida ni kuacha wiki ya pili kwa kuona hazifanyi kazi. Anza na hospitali ya kaunti ndogo au ya kaunti iliyo karibu nawe. Hospitali ya akili ya Mathari iliyoko Nairobi ni ya rufaa, na si lazima uanzie huko.

Je, nimwone shehe au mchungaji badala ya daktari?

Nenda kwa wote wawili. Dua na sala humpa mtu tumaini na watu wa kuwa naye, na mambo hayo yana nguvu ya kweli. Ujihadhari tu na yeyote anayekuamuru kuacha dawa, anayekufunga kamba, au anayekutoza pesa kila unaporudi.

Nikisema nimewahi kujaribu kujiua, nitashtakiwa?

Kwa miaka mingi hofu hii ilikuwa na msingi, kwa sababu kifungu cha 226 cha sheria ya adhabu kilifanya kujaribu kujiua kuwa kosa la hadi miaka miwili jela. Jopokazi la afya ya akili lililoongozwa na Daktari Frank Njenga, ambalo ripoti yake ilitolewa Julai 2020 katikati ya vizuizi vyenyewe, lilipendekeza kosa hilo lifutwe na afya ya akili itangazwe kuwa dharura ya kitaifa. Tarehe 9 Januari 2025 Mahakama Kuu ya Nairobi iliamua kwamba kifungu hicho kinakiuka Katiba. Mweleze mhudumu wa afya ukweli wote.

Hali ikiwa mbaya usiku, nimpigie nani?

Namba 1199 ni ya Shirika la Msalaba Mwekundu la Kenya, haina malipo, na wanaoipokea wamefunzwa kuzungumza na mtu aliyezidiwa na mawazo. Kwa anayepigwa au kutishwa nyumbani, 1195 ni namba ya taifa ya ukatili wa kijinsia, nayo pia haina malipo. Ikiwa mtu ameshajidhuru, usipoteze muda kwa simu ndefu. Mpeleke hospitali yoyote iliyo karibu, hata kama haina kitengo cha akili. Ukiwa unasubiri usafiri, usimwache peke yake, ondoa dawa, sumu ya wadudu na vyenye makali karibu naye, na muulize waziwazi kama anafikiria kufa. Kuuliza hakumtii mtu wazo hilo kichwani. Wengi husema kwamba swali hilo ndilo lililowafanya waanze kuzungumza.